Injini gani, gia gani, 4x4 au 4x2? Kuchagua pikapu ya kutumia kila siku

Mtu akiniuliza anunue pikapu yenye injini gani, namuuliza kwanza Jumanne yake ikoje. Safari ya mwisho wa mwaka tutaizungumza baadaye, na siku ile moja ya kuhamisha makabati ya shemeji vilevile. Nataka Jumanne ya kawaida: gari linawashwa asubuhi, linakwenda kilomita ngapi kabla ya kuzimwa, nyuma limebeba nini, njia ni lami au vumbi, kuna mlima au ni tambarare, na jioni linarudi na nini.

Mimi ni fundi, na magari mengi yanayopita mikononi mwangu ni pikapu. Zile zinazoletwa na ugonjwa mkubwa kabla ya umri wake, mara nyingi sikuti kasoro ya kiwandani. Nakuta gari zuri lililopewa kazi ya gari jingine. Ndiyo maana naomba ufanye hivi kabla ya kwenda kuangalia pikapu yoyote: weka daftari ndani ya gari unalotumia sasa, na kila ukizima injini andika kilomita ulizokwenda, mzigo kwa makadirio ya kilo, idadi ya watu, na hali ya njia. Wiki mbili zinatosha. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu sote tunakumbuka ile siku tuliyobeba mzigo wa kutisha na kusahau zile safari za kwenda dukani na kurudi.

Petroli au dizeli

Ukishalijaza daftari, anza kutazama urefu wa safari, halafu ndiyo uje kwenye uzito. Wengi wananishangaa hapa, maana wamekua wakisikia kwamba pikapu ni dizeli na mjadala umeisha. Dizeli ina sifa zake za kweli. Inagandamiza hewa peke yake, mara 15 hadi 18, mpaka hewa inapata moto wa kuwasha mafuta bila plagi. Petroli nyingi hugandamiza mara 9 hadi 12 tu. Mgandamizo huo ndio unaoifanya dizeli itoe kazi nyingi zaidi kwa kila tone. Tena lita moja ya dizeli ina nishati kama asilimia 13 zaidi ya lita ya petroli. Kwa safari ndefu, mzigo mzito na tela, petroli haiifikii.

Tatizo ni kwamba dizeli hupata joto polepole, na dizeli baridi hutoa masizi. Magari ya dizeli yaliyoundwa kwa viwango vya moshi vya Ulaya vya Euro 5 na kuendelea yana chujio la masizi kwenye eksozi, lile tunaloliita DPF. Likikusanya kiasi fulani, kompyuta ya gari huongeza mafuta ili kupandisha joto la eksozi hadi karibu nyuzi 600 na kuyaunguza masizi hayo. Kazi hiyo inahitaji robo saa hivi ya mwendo usiokatika. Ukizima injini katikati, unaahirisha. Ukiahirisha kila siku, chujio linajaa.

Dada mmoja muuguzi aliniletea pikapu ya dizeli, mpya kiasi, bodi halina hata mkwaruzo. "Fundi, hii taa ya njano inaniwakia kila baada ya siku chache, na gari limekuwa zito." Nikamuuliza, "Dada, kutoka kwako hadi kazini ni kilomita ngapi?" Akasema tatu na kidogo. Nikachomoa kijiti cha oili mbele yake. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya mwisho, nyepesi mno, inateleza kwenye kijiti badala ya kushika, na ukiileta puani inanuka dizeli waziwazi. Yale mafuta ya ziada ya kuunguza masizi, kwa sababu kazi ilikuwa inakatizwa kila mara, yalikuwa yanateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Oili iliyopunguka uzito namna ile ndiyo inayotegemewa kulainisha shafti ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwenye gari lile lile nilifungua bomba la EGR, lile linalorudisha moshi kidogo ndani ya injini, nikakuta njia ya kupitisha vidole viwili imebaki ya kupitisha kalamu. Masizi na mvuke wa oili vilikuwa vimeshikana kama lami mbichi.

Gari lilikuwa zima. Kilomita tatu asubuhi na kilomita tatu jioni ndizo zilizokuwa zinaliua. Yule dada angekuwa na injini ya petroli, hata ile ya zamani kidogo isiyo na turbo, angeniona wakati wa kubadilisha oili tu.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Kama zaidi ya nusu ya safari zilizomo kwenye daftari lako zinaisha kabla mshale wa joto haujatulia mahali pake kwa dakika kumi, nunua petroli, hata kama mara kwa mara unabeba kilo mia tatu. Kama safari ni fupi lakini kila wiki una angalau nusu saa ya barabara kuu bila kusimama, dizeli ya kisasa itavumilia, mradi hiyo nusu saa uitoe kweli. Na kama kila siku unakwenda kilomita hamsini, sitini na zaidi, au unabeba karibu na tani, au kuna tela, usijisumbue na petroli. Chukua dizeli.

Kuna jambo la pili la dizeli ambalo muuzaji hatalitaja: mafuta utakayopata. Injini za Euro 5 na Euro 6 ziliundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nozeli zake hupulizia mafuta kwa shinikizo linaloweza kufika na kupita baa 2,000, kwenye matundu membamba mno. Maji kidogo au uchafu kidogo huko ni hasara kubwa. Kama pampu unayoitegemea ina dizeli ya kutiliwa shaka, injini ya kizazi cha nyuma isiyo na DPF, au petroli ya kawaida, itakupa usingizi mzuri zaidi. Ukichukua dizeli ya kisasa, jifunze kutoa maji kwenye chujio la mafuta kwa mkono wako mwenyewe. Mara nyingi ni kulegeza skrubu ya chini na kuacha yatiririke mpaka ije dizeli safi.

Namba za brosha na namna ya kuzisoma

Brosha itakupa nguvu farasi au kilowati, na itakupa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa Nm (nyutoni mita). Watu hulinganisha ile kubwa na kubwa, wakanunua. Mimi natazama namba ndogo iliyoandikwa pembeni: torki hiyo inapatikana kwenye mizunguko mingapi ya injini? Ukiendesha kwa utulivu, injini yako muda mwingi iko kati ya 1,500 na 2,500 kwa dakika. Nguvu iliyoko 4,000 ni ya siku ya kulipita lori.

Chukua Toyota Hilux, kwa sababu ina mifano ya pande zote mbili. Ile ya petroli ya lita 2.7 inatoa kama Nm 245, na inazifikia karibu na mizunguko 4,000. Ya dizeli ya lita 2.4 yenye turbo, kwenye matoleo yake yenye nguvu, inatoa Nm 400 kuanzia 1,600 hadi 2,000. Sasa fanya hesabu: kilowati ni Nm mara mizunguko, gawa kwa 9,549. Kwenye mizunguko 2,000 dizeli inakupa karibu kilowati 84. Petroli hata tukiikadiria Nm 220 hapo, inakupa 46. Ndiyo sababu mtu akitoka kwenye dizeli akaingia petroli anasema gari halina nguvu. Nguvu ipo, iko juu zaidi. Ukiiacha injini ya petroli izunguke, ukashusha gia mapema kabla ya mlima, inapanda vizuri na haiumii. Wanaoiumiza ni wanaoing'ang'aniza gia ya tano huku inagonga.

Zingatia pia upana wa eneo la torki. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 iliyoboreshwa mwaka 2020 inatoa Nm 500, na kwa gia za otomatiki inazishikilia kuanzia 1,600 hadi 2,800. Upana huo unamaanisha hubadilishi gia kila saa. Injini yenye kilele kirefu lakini chembamba inachosha mjini.

Kwenye majaribio, fanya hivi: uko kilomita 40 kwa saa, gia ya tatu ya mkono, njia inapanda kidogo. Kanyaga pedeli ya mafuta polepole mpaka nusu, bila kushusha gia. Gari la kila siku linapaswa kuvuta bila kutikisika na bila ule ukimya wa kusubiri turbo halafu kurushwa mbele. Ukiusikia ukimya huo kwa sekunde mbili tatu, jiulize kama unataka kuusikia kila unapoingia barabarani kutoka njia ndogo.

Kuhusu ukubwa: kampuni ileile huuza injini mbili za dizeli, ndogo na kubwa. Isuzu D-Max ipo ya lita 1.9 yenye Nm 350, na ya lita 3.0 yenye Nm 450 kwenye toleo la sasa. Ford Ranger ipo ya lita 2.0, na ya V6 (silinda sita) ya lita 3.0 yenye Nm 600. Kwa mtu anayekwenda kazini, anayebeba vifaa na wakati mwingine mzigo wa nusu tani, ile ndogo inatosha kabisa na ni nyepesi puani, kwa hiyo hata usukani unajibu vizuri. Kubwa namshauri anayepanda milima na mzigo siku nyingi za wiki, au anayevuta tela la tani mbili na zaidi. Injini inayofanya kazi kwa nusu ya uwezo wake hudumu. Inayofanya kazi kwa uwezo wake wote kila siku hulipwa na mwenye gari.

Hata pikapu kubwa za Marekani zina hesabu hii. Ford F-150 imeuzwa miaka mingi ikiwa na V6 ya lita 2.7 ya turbo mbili na V8 (silinda nane) ya lita 5.0 kwenye orodha moja. Torki zao zinakaribiana sana, lakini V6 inaifikia karibu na mizunguko 3,000 na V8 inaifikia juu ya 4,000. Kwa mwendo wa mjini ile ndogo ndiyo inayoonekana na nguvu. V8 inakupa injini isiyo na turbo, na kwa anayekaa na gari muda mrefu hilo ni jambo la kuthamini.

Kama unaishi mahali palipoinuka, ongeza hili: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa sababu hewa ni nyembamba. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo. Petroli isiyo na turbo iliyokuridhisha ufukweni, kwenye mita 2,000 ni gari jingine.

Swali moja la kuuliza kwa gari lililotumika: taiming yake, kile kinachoendesha valvu zifuatane na pistoni, ni mnyororo au mkanda? Hilux za dizeli za lita 2.5 na 3.0 za kizazi cha kabla zinatumia mkanda. Za lita 2.4 na 2.8 zilizozifuata zinatumia mnyororo. Mkanda una umri ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa kawaida kati ya kilomita 100,000 na 150,000. Ukikatika, kuna injini ambazo pistoni zinagonga valvu, na hapo unazungumzia kufungua injini yote. Asiye na ushahidi kwamba umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mnyororo hauna tarehe, ila unaishi kwa oili safi. Aliyekuwa anachelewesha oili ameuharibu bila kuugusa.

Gia

Hapa sitakaa sana. Kama Jumanne yako ina foleni, chukua otomatiki. Kusogea nusu mita, kusimama, kusogea tena, ndiko kunakoila klachi. Otomatiki za pikapu nyingi, badala ya klachi, zina konvata inayotumia mafuta kuzidisha torki wakati gari linaanza kuondoka, kwa hiyo kuondoka mlimani na tela ni rahisi kuliko kwa klachi, na hakuna harufu ya kuungua. Usiogope wingi wa gia. Zikiwa kumi, kama kwenye Ranger na F-150 za karibuni, kompyuta inaziruka inapoona inafaa. Badilisha mafuta yake. Yako magari yaliyoandikiwa kwamba mafuta ya giaboksi ni ya maisha yote. Kwa anayebeba na kuvuta, mimi huyabadilisha kati ya kilomita 60,000 na 80,000, na yale ninayoyatoa huwa yamekuwa meusi.

Gia za mkono zinamfaa anayekwenda njia ndefu zisizo na foleni, na anayetaka kushuka milima kwa breki ya injini akiwa na udhibiti wake mwenyewe. Ila ujue kwamba dizeli nyingi za kisasa za gia za mkono zina flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikwa na klachi) ya vipande viwili yenye springi ndani, ya kumeza mtikisiko. Klachi ikiisha, mara nyingi na flaiwili inakuwa imelegea. Gharama inapanda, na mwenye gari anamlaumu fundi. Uliza mapema kama gari unalolitaka linayo.

4x2 au 4x4

4x2 inasukumwa na magurudumu mawili tu, 4x4 na yote manne. Rudi kwenye daftari, na ongeza misimu ambayo wiki mbili hazikuionyesha. Hesabu siku ambazo magurudumu mawili yangekuacha njiani. Siku ambazo njia ilikuwa mbaya usizihesabu: mashimo, mawe na vumbi havihitaji 4x4, vinahitaji springi nzima na mwendo wa taratibu. Hesabu tope, mchanga laini, mteremko wa nyasi zilizolowa, kuvuka maji. Kama ni siku mbili tatu kwa mwaka, 4x2 yenye tairi nzuri ni jibu la haki.

4x4 inaongeza uzito wa kilo mia moja hivi, difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto), transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), propela ya pili (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), ekseli zenye mipira inayochanika, na oili za kubadilisha kwenye kila kimoja. Vyote hivyo unavibeba kila siku, hata ukiwa kwenye lami kavu.

Na kwenye lami kavu, 4x4 ya kawaida ya pikapu haitakiwi kufungwa, yaani kuwashwa, hata kidogo. Naisema kwa msisitizo kwa sababu naona matokeo yake. Mfumo wa 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, gia za kawaida) na 4L (manne, gia nzito) unaotumika kwenye pikapu nyingi hauna difu ya katikati. Ukiweka 4H, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawasawa. Lakini gari likikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope, tairi inateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami haitelezi, kwa hiyo chuma kinajipinda. Utahisi gari linakataa kona, usukani unakuwa mzito, tairi zinaburuza kwa kurukaruka, na ukitaka kurudi 2H kifundo kinagoma. Kikigoma usilazimishe. Nyoosha usukani, rudi nyuma taratibu mita kadhaa kwa mstari ulionyooka, utasikia mlio mzito wa chuma kikijiachia, na gia itatoka. Wanaolazimisha huniletea transfa yenye meno yaliyovunjika.

Ipo mifumo inayoruhusu lami. Super Select ya Mitsubishi, iliyoko kwenye matoleo ya juu ya L200 na Triton, ina difu ya katikati, kwa hiyo unaweza kuwasha magurudumu manne mvua inaponyesha ukiwa barabara kuu. Volkswagen Amarok imeuzwa na 4x4 ya kudumu kwenye matoleo ya otomatiki. Baadhi ya Ranger za kizazi cha sasa zina chaguo la otomatiki linalopeleka nguvu mbele lenyewe. Kama unapoishi lami inalowa au inashika barafu miezi mingi, nyongeza hiyo ina maana kwa maisha ya kila siku kuliko 4x4 ya kawaida. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na kwenye lami yenye maji mkia wake unateleza kabla hujategemea.

Hata hivyo, kabla ya kulipia 4x4, fikiria difu loki ya nyuma. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili torki sawa, kwa hiyo gurudumu moja likikanyaga tope na kuzunguka bure, na lile lingine lililo kwenye ardhi ngumu linapata kiasi kilekile kidogo. Gari linasimama. Loki inayafunga yote mawili yazunguke pamoja, na lile lililoshika ardhi linasukuma. Nimeona 4x2 yenye loki na tairi zenye meno ikitoka mahali ambapo 4x4 yenye tairi zilizolika imelala. Loki nayo ni ya kufunga ukiwa umekwama au unaelekea kukwama, kwa mwendo wa polepole na usukani umenyooka. Ukitoka, ifungue.

Kama daftari linasema 4x4, basi hakikisha ina 4L, gia nzito. Kwa pikapu nyingi inazidisha torki mara 2.5 hivi, na thamani yake kubwa naiona kwenye kushuka zaidi ya kupanda: gari linateremka mteremko mkali kwa breki ya injini, mguu wako hauko kwenye breki, na tairi hazijifungi. Na ukishainunua, ifunge angalau mara moja kwa mwezi kwenye njia ya udongo, kilomita chache, ili oili izunguke na mota ya kubadilishia isigande. 4x4 isiyotumika mwaka mzima mara nyingi haiitikii siku ya kuihitaji.

Usidanganywe na urefu wa gari pia. Kuna 4x2 zilizoinuliwa zikalingana kimo na 4x4, zina tairi zilezile na bampa zilezile. Inama, tazama kati ya magurudumu ya mbele. Kama huoni tumbo la difu na ekseli mbili zikienda kulia na kushoto, hiyo ni 4x2, hata stika ya ubavuni iseme nini.

Uwiano wa difu na tairi

Sehemu hii hupitwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama injini itapumua barabarani. Difu ya mwisho ina uwiano wake, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja, kwa pikapu nyingi kati ya 3.5 na 4.5. Namba kubwa inamaanisha gari linaondoka kwa nguvu na linavuta vizuri, lakini injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Tuchukue tairi ya 265/65R17. Mzingo wake ni karibu mita 2.44, kwa hiyo kwa kilomita 100 kwa saa linazunguka mara 683 kwa dakika. Kama gia ya juu ni 0.76 na difu ni 3.9, injini iko 2,025. Difu ikiwa 4.3, iko 2,230. Tofauti ya mizunguko mia mbili unaisikia masikioni na kwenye tangi ukiwa msafiri wa kila siku. Anayebeba mzigo milimani ataipenda ile 4.3.

Ndiyo maana nawaomba watu wasibadilishe tairi kwa kupenda sura. Ukitoka 265/65R17 ukaweka 265/70R17, kipenyo kinaongezeka asilimia 3.4. Gari linakuwa zito kuondoka, otomatiki inachanganyikiwa kidogo na gia zake, na spidi mita inasoma pungufu ya mwendo wako halisi. Ukiongeza na tairi za tope zenye meno makubwa kwa gari la lami, umepoteza mafuta, umepoteza breki kwenye mvua, na umenunua kelele.

Pikapu za mseto wa petroli na umeme zimeshafika, kama Ford Maverick na F-150 za karibuni. Kwa safari fupi na foleni zina faida ya wazi, kwa sababu mota ya umeme inabeba kazi ile ile inayoiumiza dizeli: kuondoka na kusimama. Kama daftari lako limejaa safari za kilomita tatu na fundi wa kuzihudumia unaye, zijaribu. Pikapu ya umeme mtupu inamfaa mwenye sehemu ya kuchaji anapolala. Akiifunga tela zito, ajiandae kuona umbali ukipungua sana.

Siku ya kulijaribu

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, likiwa na joto, ahirisha. Injini inayowaka vizuri ikiwa moto inaweza kuficha mengi ikiwa baridi. Liwashe mwenyewe huku mwenzako amesimama nyuma akitazama eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani, au dizeli isiyoungua. Mweusi mzito kila ukikanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa: nozeli, turbo, au bomba la hewa lililopasuka.

Soma kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango. Kina uzito wa juu unaoruhusiwa wa gari pamoja na kila kitu. Toa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho mzigo, na watu wamo humo. Dabo kabini inayosemekana kubeba tani, ikipakia watu watano wa kilo 75, imebakiwa na kilo 625 za nyuma. Watu wengi huisahau hesabu hiyo mpaka springi ziwakumbushe.

Halafu liendeshe na mzigo. Muuzaji mwenye nia njema atakubali uweke mifuko michache nyuma. Hata kilo 300 zinabadilisha kila kitu unachohisi. Tafuta mlima, ondoka ukiwa umesimama katikati yake. Tafuta udongo, weka 4H, kisha simama, weka nyutro, weka 4L, na uhakikishe taa kwenye dashibodi inaacha kupepesa na kutulia. Fanya vivyo hivyo na difu loki. Ukirudi, acha injini izunguke dakika moja bila kukanyaga ili turbo ipoe, zima, na usubiri dakika kumi kabla ya kuinama na kutazama chini. Tone jekundu ni la giaboksi ya otomatiki au la usukani, jeusi ni oili ya injini, la rangi linaloteleza na kunuka utamu ni kulanti, maji ya kupozea injini. Tone la maji safi upande wa abiria ni la kiyoyozi, hilo liache.